Fungu la Mgeni

Paukwa!

Pakawa.

Mlioko nyuma sijawasikia. Mmekula au mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Kilichopikwa?

Kiliwe!

Na kilichobaki?

Hapo mnanyamaza. Kila nikiuliza hapo mnatazamana. Haya, sogeeni. Leo mtoto asikae peke yake, akae karibu na mkubwa wake, maana ngano hii ina Kenge ndani, na mimi Kenge simpendi hata kumtaja.

Zamani hizo, wanyama walipokuwa na mafiga na vyungu kama sisi, palikuwa na kitongoji kinaitwa Vichuguuni. Jumbe wao alikuwa Mzee Ngiri, mwenye meno yaliyopinda na maneno mengi. Walikaa Nguchiro, ukoo mkubwa, watoto wengi hata mama zao wanawachanganya. Alikaa Pimbi juu ya mawe. Alikaa Buku, yule panya mkubwa anayeweka akiba mashavuni. Na pembeni kabisa, kwenye nyasi ndefu, alikaa Bi Kanga, ndege mwenye madoa.

Bi Kanga alikuwa mjane. Mume wake alinyakuliwa na mwewe akiwa ndiyo kwanza anamsaidia kukusanya majani ya kiota. Akabaki na mayai aliyoachiwa na marehemu. Akayaatamia. Hakuwa na kingine duniani. Ukimuuliza habari gani, anajibu mayai hayajambo.

Sasa, Vichuguuni walikuwa na desturi, na waliringa nayo sana. Kila nyumba, kila siku, ilipika chakula cha wenyewe, kisha ikapika na fungu la mgeni. Mgeni yupi? Hawamjui. Yeyote atakayetokea. Isije hodi ikabishwa na chungu kikawa kitupu, wenyeji wakaonekana hawana adabu. Desturi nzuri. Hata mimi naipenda, bibi yangu alikuwa nayo.

Lakini wageni wenyewe hawaji. Vichuguuni ni mbali, njia ni miiba mitupu, nani aende huko? Mwezi unaandama, mwezi unakwisha, hakuna hodi. Na fungu la mgeni mwenyeji haligusi. Ukionekana umelila, watoto wa jirani wanakuimbia njiani, mla fungu la mgeni, mla fungu la mgeni, mpaka unaingia ndani unajifungia. Kulilaza ukalila kiporo asubuhi ndiyo usiseme kabisa.

Basi jua likifika utosini na mgeni hajaja, mama anatoka na chungu, anakwenda jaani, anamwaga. Pwaa. Jirani naye anatoka. Pwaa. Na maganda juu yake, pwaa. Na wishwa, na makapi, na maboga yaliyoanza kulainika upande mmoja tu. Pwaa, pwaa, pwaa.

Kisha wakaanza kutazamana. Fulani amemwaga chungu kizima, kwake kuna neema. Fulani amemwaga kibakuli, huyo ana dhiki. Na nani anataka kuonekana ana dhiki? Vyungu vikakua. Pimbi, kimwili chake kile mnachokijua, akapika magimbi ya kulisha nyati. Anakula kiganja, anamwaga chungu. Msicheke. Wewe uliyebakiza ugali jioni hii hapo kwenye sinia, nimekuona, usinitazame hivyo.

Jaa likapanda. Likampita Mzee Ngiri kimo. Nzi wakajaa, vuuu, mchana kutwa. Harufu ikaingia majumbani, ikaingia kwenye nguo, ikaingia kwenye maji ya kunywa. Watoto wa Nguchiro walilifurahia. Kulikuwa na mmoja anaitwa Sesele, mdogo wa mwisho, mchangamfu. Huyo aliokota kigae cha chungu kilichovunjika, akawa anakikalia na kuteleza nacho kutoka juu ya jaa mpaka chini. Sererere. Anacheka, anapanda tena. Sererere. Bi Kanga alikuwa anamwona kutoka kiotani kwake, maana kiota chake kilikuwa jirani na jaa. Alijenga pale kwa sababu ya funza. Kudonoa ni karibu, mayai hayapoi.

Siku moja, jua la utosi. Ule wakati wa joto watu wamejilaza, hata nzi wamechoka. Bi Kanga akasikia kitu kinaburuta tumbo kwenye majani makavu.

Kwarara.

Kimya.

Kwarara.

Akanyoosha shingo. Akaona kichwa kirefu, cha rangi ya tope. Ulimi ukatoka, umepasuka mbele. Fyu. Ukarudi. Ukatoka. Fyu. Ulikuwa unaonja upepo. Macho hayapepesi.

Kenge akasema hodi. Alisema polepole, kwa adabu. Bi Kanga akajikunja juu ya mayai. Kenge akapanda juu ya jaa, akaanza kula. Alikula magimbi ya Pimbi, akala kunde za Nguchiro, akala maganda. Hakutafuna. Alikuwa anameza tu, koo linakwenda juu na chini. Alipomaliza akajilaza palepale, akalala.

Watu walipoamka wakamwona, walirudi nyuma. Lakini Mzee Ngiri akamsemesha, na Kenge akajibu vizuri sana. Alisema yeye ni msafiri, hana makuu, atakula kile wanachomwaga tu, na jaa litapungua. Kila mtu akashusha pumzi. Kumbe ni mfagiaji, tena wa bure. Buku akasema huyu ni neema. Pimbi akasema ni heri amekuja. Kabla ya jua kuzama walikwishamwita shemeji.

Mnajua walifanya nini baada ya hapo? Mngetarajia wapunguze. Hapana. Walisema, kama yuko wa kula, ya nini kubana? Wakapika zaidi. Pwaa, pwaa, pwaa. Na Kenge akala, akala, akanenepa. Alikuja mwembamba kama mchi, akawa gogo. Mkia wake ukivuka njia, mtoto hawezi kuuruka. Alikuwa akilala juu ya jaa, na jicho moja halifungi. Jicho hilo lilielekea kiotani kwa Bi Kanga. Siku hizo Bi Kanga alisahau usingizi wa mchana.

Basi ikatokea siku Sesele hakurudi kula.

Bi Nguchiro aliita. Sesele. Akaita kwa majirani, akaita mtoni, akaita mawe ya Pimbi. Sesele we. Ukoo mzima ukaita. Mama mtu akafika jaani. Kenge amelala, tumbo limetuna. Chini ya jaa kigae kimefunikwa kifudifudi, bado kina joto la jua. Bi Nguchiro akakiokota. Alikigeuza, akakitazama upande huu na upande huu, kana kwamba mtoto amejificha humo.

Mzee Ngiri akamuuliza Kenge, shemeji, mtoto yuko wapi?

Kenge akafungua jicho la pili.

"Tulipatana nile kilichoko jaani," akasema. "Alikuwa jaani."

Bi Kanga alilisikia neno hilo akiwa kiotani. Manyoya yakamsimama. Akayashika mayai kwa mabawa yote mawili, akakaa hivyo mpaka giza.

Mzee Ngiri alitaka kupigana, nampa haki yake. Alimwendea Kenge kwa meno yake yale. Kenge hakuinuka. Aliuvuta mkia tu, akauachia. Chwaa. Mzee Ngiri akaanguka ubavu, na tangu siku hiyo mguu wa nyuma akawa anauburuta. Hakuna aliyejaribu tena.

Ikaitishwa baraza. Walilia, walilaumiana, Pimbi akataka wahame. Buku akauliza wahamie wapi, na mayai ya Bi Kanga yabebwe na nani. Bi Nguchiro alikuwa amekaa, kigae mapajani. Mwisho akasema, "Hakuja kwa ajili ya mwanangu. Alikuja kwa ajili ya vyungu vyetu. Tumemlisha sisi. Tuache kumlisha."

Ndipo wakapatana. Kila nyumba ipike cha midomo iliyopo. Kikibaki, kilazwe, kiliwe asubuhi, na asichekwe mtu. Maganda yaende kwa Mzee Ngiri, anayapenda. Wishwa na punje zilizodondoka ziende kwa Bi Kanga. Nafaka inayozidi akaifiche Buku ghalani mwake. Kisicholiwa na yeyote kichimbiwe shimo, yapandwe maboga juu yake. Na mgeni je? Mgeni akitokea, kila nyumba itachota upawa mmoja, atashiba. Jaani kisiende kitu. Wakaapa wote, na Bi Kanga akaapa.

Mwanzo ilikuwa taabu, nisiwadanganye. Pimbi alikula kiporo chake cha kwanza nyuma ya mlango, amejitanda shuka kichwani, anatafuna kwa aibu. Bi Nguchiro akapita, akasikia, akamwambia dirishani, shoga, kimepikwa na mkono wako mwenyewe, unakificha kwa nani? Kesho yake Pimbi akala uani. Watoto walianza kuimba ule wimbo wao, wakazabwa kofi, wakanyamaza. Jaa likabonyea. Harufu ikapungua, watu wakakumbuka harufu ya mvua ilivyo.

Lakini Kenge akaona njaa.

Akateremka jaani. Kila jua la utosi, kwarara, kwarara, anapita nyumba kwa nyumba. Watu wamefunga milango. Anasimama kizingitini. Ulimi unaingia chini ya mlango. Fyu. Unapapasa sakafu. Fyu. Mama ndani amewaziba watoto vinywa. Kisha sauti, polepole, bila hasira.

"Shemeji. Fungu langu liko wapi?"

Hakuna anayejibu. Anasubiri. Anakwenda mlango unaofuata. Siku zikapita, akakonda, magamba yakalegea. Buku akasema bado kidogo ataondoka. Wote walikuwa na milango, wakajifungia wakangoja.

Isipokuwa Bi Kanga. Kiota kina mlango? Kiota ni majani na anga. Kila akimaliza nyumba za wenzake, Kenge alipita kwake mwisho. Anasimama. Hasemi kitu. Anautoa ulimi, anaonja hewa ya juu ya mayai. Fyu. Moyo wa Bi Kanga unapiga mpaka mayai yanatikisika. Na hawezi kukimbia. Akiinuka tu, mayai yako wazi.

Basi siku moja, alipoona ulimi umekaribia zaidi, alifanya kitu. Palikuwa na wishwa kando yake, aliopewa na majirani. Akausukuma kwa bawa. Kidogo tu. Alijisemea, ashibe apite zake. Kenge akaulamba. Akapita zake. Bi Kanga alikaribia kulia kwa furaha, aliona amepata dawa.

Kesho yake Kenge akaja kwake kwanza.

Bi Kanga akampa tena, na siku hiyo kidogo hakikutosha. Akampa punje zake za kula. Siku iliyofuata akampa zote. Kenge hakupita tena milangoni kwa watu. Ya nini? Akachimba shimo upande wa pili wa jaa, nyuma ya miiba, asionekane, akawa anatoka mchana tu, watu wamejilaza, kuja kula, kisha anarudi.

Huko kitongojini wakafungua milango. Walisema ameondoka. Walicheza ngoma, vumbi likatimka. Mzee Ngiri akahutubia, mguu na maumivu yake. Wakaja kumpa Bi Kanga pole na hongera. Bi Nguchiro akamletea maji, akamwambia, "Shoga, umepungua mno. Sasa ulale, hayupo tena."

Bi Kanga alitaka kusema. Mdomo aliufungua. Lakini angeanzaje? Aseme mimi niliyeapa pamoja nanyi ndiye ninayemlisha? Amwambie hivyo huyu, ambaye kigae cha mwanawe kimening'inia mlangoni? Na kama wakimfukuza kwa kelele, Kenge akashika njia, si atapita kiotani kwanza? Akasema ahsante, shoga. Akanywa maji.

Njaa ikamshika yeye sasa. Akaanza kuomba. Kwa Pimbi aliomba maganda, akisema ni ya shimo la maboga. Kwa Buku akaomba punje, akasema ni za nguvu za kuatamia. Kwa Bi Nguchiro akaomba ukoko wa chungu. Walimpa, tena kwa moyo. Nani amnyime mjane? Wakaanza hata kubakiza kusudi, cha Bi Kanga, cha Bi Kanga. Mnaona lilivyorudi? Fungu likapikwa tena kila nyumba, likakusanywa na mikono ya Bi Kanga, likaishia kwenye koo lilelile. Na kila siku Kenge alikuwa anaomba zaidi ya jana.

Ikafika siku hakuna. Majirani walikuwa wametoka alfajiri kwenda kuchimba magimbi ng'ambo, hawajarudi. Bi Kanga alipekua chini ya majani yote. Hakupata hata ganda. Jua likapanda. Likafika utosini. Nyasi zikanyamaza.

Kwarara. Kwarara. Kwarara.

"Shemeji," Kenge akasema. "Leo umeniandalia nini?"

Bi Kanga akasema hana.

"Unacho."

Akaapa hana, atazame mwenyewe.

"Unacho," Kenge akasema. "Umekikalia."

Bi Kanga alihisi baridi imemshuka toka kichwani mpaka kuchani, na jua liko utosini. Akamwomba. Alimwita baba, alimwita bwana. Alimwambia kesho atampa maradufu. Kenge alisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa na adabu siku zote.

Kisha akasema, "Kila siku mlimpikia mgeni msiyemjua. Mlidhani atakuwa nani? Mgeni ni mimi. Na mgeni akizoea nyumba, hulala njaa?"

Kichwa kikapita chini ya bawa lake. Ulikuwa mguso wa baridi, mkavu. Akampiga kwa mdomo, akampiga kwa kucha, ilikuwa kama kupiga jiwe. Akasikia ka. Ni hivyo tu. Ka. Kichwa kikatoka, koo likapanda, likashuka. Kenge akajilamba ute.

"Kesho," akasema, na akaondoka.

Bi Kanga aliyapapasa yaliyobaki, moja moja. Majirani waliporudi na magimbi yao, akaita. Kanga wa zamani hawakuwa na sauti kubwa, walinong'ona tu, lakini siku hiyo alitoa sauti iliyovuka kitongoji. Kekeke, kekeke, kekeke. Wakaja mbio. Bi Nguchiro alikuwa wa kwanza.

"Hakuondoka," Bi Kanga akasema. "Yuko nyuma ya miiba. Nimekuwa nikimlisha. Chakula mlichonipa nilimpa yeye. Leo amekula yai langu na kesho atakuja tena."

Mzee Ngiri alitazama chini. Pimbi akaziba mdomo.

Bi Nguchiro akamsogelea mpaka karibu kabisa. "Alimla mwanangu," akasema. "Nikakuletea maji kwa mkono wangu. Na wewe ukamlisha."

"Niliogopa."

"Mimi nilikuwa siogopi?"

Bi Nguchiro akageuka, akaenda zake. Wengine nao wakaondoka mmoja mmoja. Bi Kanga akabaki peke yake na maganda ya yai lililovunjika. Mwanga wa mchana ukafifia, jua likachwa. Kulipokucha, njia ilikuwa tupu. Jua likaanza kupanda. Alijua hakuna atakayekuja, na aliona ni haki yake. Akayafunika mayai, akafumba macho, akangoja kwarara.

Akasikia kitu kingine. Akasikia vyungu vinagongana.

Akafumbua. Bi Nguchiro alikuwa mbele, chungu kichwani. Nyuma yake ukoo mzima wa Nguchiro, wakubwa kwa watoto. Nyuma yao Pimbi na sufuria lake, na Buku mashavu yamejaa, na Mzee Ngiri anaburuta mguu. Hawakumsalimu. Wakakaa chini, duara, kiota katikati. Wakafunua vyungu, wakaanza kula.

Bi Kanga alidhani wamerukwa na akili. Jua linakaribia utosini, na wao wanakula nje, hadharani, karibu na miiba. Bi Nguchiro akamsukumia kibakuli cha mtama. "Kula," akasema. "Ule wote." Hakuna aliyekuwa na ushujaa pale. Watoto walikuwa wanameza bila kutafuna, macho kwenye miiba.

Kwarara.

Mikono ikasimama.

"Msiache," Bi Nguchiro akasema chini chini. "Kuleni."

Kwarara. Kichwa kikatokea. Kenge akaliona duara. Ulimi ukatoka, fyu, ukaonja mtama, ukaonja magimbi, ukaonja mayai. Akasogea mpaka nyuma ya mgongo wa Pimbi. Pimbi alikojoa hapohapo alipokaa, lakini hakuinuka, nampa sifa yake.

"Hodi wenyeji," Kenge akasema. "Fungu langu."

Bi Nguchiro alitoa kifuani kile kigae cha Sesele. Akakiingiza chunguni, akakwangua ukoko. Kwaru, kwaru, kwaru. Akala ukoko. Akakwangua tena, mpaka chini. Kwaru, kwaru. Wengine wakachukua miiko yao nao wakakwangua. Kwaru, kwaru, kwaru, duara zima. Kisha Bi Nguchiro akakigeuza chungu chake, akakifunika kifudifudi chini. Du.

"Mgeni hukaa na watu akala nao," akasema. "Wewe hukukaa nasi hata siku moja. Hapa hakuna fungu lako."

Pimbi akafunika lake. Du. Buku akafunika. Du. Mzee Ngiri, du. Kenge alitazama kila chungu kinavyogeuka. Kisha akamtazama Bi Kanga, na macho yake hayakupepesa.

"Na wewe, shemeji?"

Kibakuli kilikuwa bawani mwake, na chini palikuwa pamebaki punje kidogo. Aliziona. Na yeye Kenge aliziona. Bi Kanga alihisi ile hofu yake ya zamani inamnong'oneza, mpe hizo tu, kidogo tu, apite. Akainama, akadonoa punje ya mwisho, akaimeza. Akakigeuza kibakuli.

Du.

Kenge akapiga hatua. Ndipo ukoo wa Nguchiro ulipoinuka, wote kwa pamoja, wakubwa mbele, wadogo nyuma, wamebanana bega kwa bega, manyoya yamesimama. Mzee Ngiri akajiburuta akasimama mbele yao. Bi Kanga akatoa sauti yake ile. Kekeke, kekeke, kekeke. Kenge akaupinda mkia, akataka kuuachia. Lakini alikuwa amekonda. Alikuwa ameishi kwa maganda ya kuombaomba na yai moja. Siku za gogo angewafagia wote. Siku hii akawatazama, akahesabu njaa yake na vichwa vyao, akaona haifai.

Akageuka. Kwarara, kwarara, mpaka mtoni. Nyasi zikamfunika.

Mayai yaliyobaki yalianguliwa. Vifaranga wakatoka na madoa yao, pi, pi, pi, wamepungua mmoja. Bi Nguchiro hakutamka hata siku moja kwamba amesamehe. Lakini kila jua la utosi alikuja, akakaa kando ya kiota, akawa anawatazama vifaranga, kigae mkononi. Bi Kanga alikuwa anamkaribisha kiporo. Wanakula wawili, kimya, mpaka joto linapungua.

Jaa likafukiwa. Yakaota maboga makubwa hasa. Na siku moja, mtasema nimetunga, hodi ikabishwa kweli. Alikuwa Swala, amepotea njia, miguu imejaa miiba. Kila nyumba ikachota upawa mmoja. Swala akala akashiba, akashukuru mno, na chungu hakikubaki na kitu.

Ila Kenge hakufa. Nisiwafiche. Mara mojamoja, joto likipanda na nyasi zikinyamaza, ulimi hutokea ukingoni. Fyu. Unaonja upepo wa Vichuguuni. Ukikosa harufu, unarudi. Ndiyo maana Kanga mpaka leo akisikia jani tu, anapiga kelele kijiji kizima kisikie. Anajua kunyamaza kulimgharimu nini.

Na funzo lake nawapa wazi, wakubwa kwa wadogo. Pika kinachotosha waliopo. Kikibaki, kiliwe, usipokiweza, mpe jirani, kisicholika kifukie shambani. Ukikitupa tu nje, kuna atakayekizoea, naye akishakizoea ataingia ndani. Na jambo likikutia hofu, waambie wenzako mapema, usilifuge peke yako.

Haya, niitikieni vizuri sasa. Kilichopikwa?

Kiliwe!

Na kilichobaki?

Kiliwe nacho!

Mmejua leo. Nami ngano yangu nimeikomba mpaka ukoko, chungu nimekifunika kifudifudi, sikubakiza neno. Nendeni mkalale, na yule mwenye ugali kwenye sinia aanze kwanza kuumaliza.